Kijana Aliyeachwa Malishoni

Aliye na Biblia karibu na afungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 16. Aliye jikoni na aendelee na chai yake huku akisikiliza.

Leo tuna jambo la kuungama kwanza.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 tulialikwa, sisi watatu wa kanisa letu, kuwaombea watahiniwa wa darasa la nane katika shule moja upande wa Kitengela. Watoto waliinua kalamu na rula juu, nasi tukaziombea, kama ilivyo desturi siku hizi. Tukawaambia kwamba kalamu hizo zimebarikiwa, na ya kuwa mtoto wa Mungu hashindwi. Wazazi wakapiga makofi. Tulirudi nyumbani tumefurahi, tena tumenyweshwa soda.

Novemba matokeo yakatoka. Jumapili iliyofuata mvulana mmoja alitungoja nje ya kanisa mpaka watu wakaisha. Alikuwa amepata alama 200 na kidogo kati ya 500. Hakulia. Aliuliza tu, "Pasta, kalamu yangu Mungu aliikataa?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Tulimshika mkono tukamwambia Mungu ana mpango, maneno ambayo husemwa na mtu anayetaka kwenda zake. Mtihani ule wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Swali la kijana yule halikuondoka nao.

Maana fikirini jinsi tunavyopimana hapa kwetu. Toka Laiser Hill kule Ongata Rongai, pitia Kitengela, hata ufike Kajiado mjini, shule ziko kila upande, na mtoto akitumwa dukani kununua unga mwenye duka humwuliza amepata ngapi. Mtu mzima naye ana mizani yake. Ukame wa mwaka 2009, na tena ule wa 2022, uliwaacha wazee waliokuwa na mazizi yaliyojaa wakihesabu ngozi. Wako tunaowajua walioacha kuja ibadani. Imani yao haikuwa imekwisha. Waliona aibu kuketi mbele za watu mikono mitupu. Mwingine aliuza ardhi kando ya barabara ya Namanga, akanunua gari, akasalimiwa sana. Fedha zikaisha, na salamu nazo zikapungua.

Sasa tazameni nyumba ya Yese. Samweli amefika Bethlehemu na pembe ya mafuta. Wana saba wanapitishwa mbele yake mmoja mmoja, warefu, wenye sura nzuri. Na wa nane? Baba yake mzazi hakuona haja ya kumwita. Yuko malishoni na kondoo. Mtoto wa Kajiado aliyewahi kuachwa na mifugo siku ya sherehe ataielewa habari hii kuliko mwalimu wa chuo cha Biblia. Naye Samweli akakataa kuketi mpaka yule kijana aletwe. Wazee wote wakamngoja mchunga kondoo.

Wahubiri wengi huishia hapo, na sisi tumeishia hapo mara nyingi. Lakini endeleeni kusoma. Daudi alipokwisha kupakwa mafuta alirudi kwa kondoo wale wale. Katika mlango wa 17 Eliabu, kaka yake mkubwa, anamkaripia mbele ya askari, akimwuliza vile vikondoo vichache amemwachia nani. Mafuta hayakumpa heshima nyumbani, wala hayakumpa cheo siku ile. Hata hivyo Sauli alipomvika mavazi yake ya vita, Daudi aliyavua, kwa kuwa hakuyazoea. Jamani, kuvua vazi la mfalme mbele ya mfalme! Mtu asiyejua thamani yake angekwenda nalo hivyo hivyo mpaka ajikwae. Huyu alichukua kombeo alilolizoea, akashuka bondeni.

Basi kosa letu lilikuwa hilo. Tuliwagawia watoto mafuta ya Samweli kana kwamba ni dawa ya mtihani. Mtu asituelewe vibaya: watoto wasome kwa bidii, na wazazi wawanunulie vitabu.

Jina hilo Laiser tulilolitaja ni jina la ukoo katika Wamaasai. Mgeni akifika bomani huulizwa yeye ni wa ukoo gani. Hakuna aliyeupata ukoo wake kwa mtihani, wala hatujasikia mtu aliyefukuzwa ukooni kwa sababu ng'ombe wake wamekufa. Mtume Paulo, katika Warumi mlango wa 8, anatuambia jambo la namna hiyo: kwamba Mungu ametufanya watoto wake, hata twamwita Baba.

Mwezi wa Januari 2020 tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Tulimkuta na baba yake na mbuzi wachache. Tukamwambia, "Mwanetu, Mungu hakuikataa kalamu yako. Hakuwa akikupima kwa kalamu. Sisi ndio tuliosema vibaya, utusamehe."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mbona hamkuja juma lile lile?"

Baba yake akakohoa, akataka kumkanya. Tukamwomba amwache, maana kijana alisema kweli. Tukaomba radhi mara ya pili. Jua lilikuwa linatua na mbuzi wanaingia, naye akatuonyesha mahali pa kusimama tuzibe pengo la zizi wasitoke.