Stima Ikipotea, Seva Zizimwe kwa Utaratibu

Mada iliyowasilishwa kwa maafisa wa TEHAMA, wasimamizi wa hospitali na makarani wa mapato wa kaunti



Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani kwa muda kwa sababu jenereta iliyotegemewa haikuwaka. Desemba 10 mwaka huo huo, giza likarudi. Kila ofisi ya umma ina la kujifunza hapo: kuwa na jenereta si sawa na kuwa na jenereta inayowaka. Ikikataa, kinachobaki kati ya seva na giza ni betri ya UPS.

Wengi huichukulia UPS kama jenereta ndogo ya kuendeleza kazi. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kushikilia mashine hadi jenereta iwake. Ya pili, jenereta isipowaka, ni kuzipa seva muda wa kumaliza kazi iliyo mkononi na kuzimika zenyewe kwa utaratibu. Ofisi nyingi zina UPS, lakini hazijaipangia kazi hiyo ya pili. Betri huisha, na seva huanguka vile vile, ila zimechelewa dakika ishirini.

Madhara ya kuzimika ghafla

Zamani kila mfumo ulikuwa na kompyuta yake. Siku hizi seva mama moja hubeba seva pepe kadhaa, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya mashine moja. Ndani ya sanduku moja mna rekodi za wagonjwa, stakabadhi za mapato na orodha ya mishahara. Gharama hupungua, lakini sanduku hilo likizimika ghafla, mifumo yote huanguka pamoja.

Data inayoandikwa hupitia kumbukumbu ya muda kabla ya kufika kwenye diski. Hifadhidata nzuri ina njia ya kujirekebisha ikiwaka tena, mradi diski iwe imesema kweli. Diski isiyo na kinga yake ya umeme inaweza kuripoti kwamba imeandika kabla haijaandika, na hapo ndipo faili huharibika. Asubuhi mama anafika kliniki, dawa alizoandikiwa jana hazionekani. Mfanyabiashara amelipia kibali na stakabadhi haipo. Jibu wanalopewa ni moja: sistimu iko chini.

Hili pia ni suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu awe na hatua za kiufundi za kuzilinda, pamoja na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati unaofaa baada ya hitilafu.

Hatua za kufuata

Kwanza, UPS iongee na seva. UPS nyingi za ofisini zina tundu la USB au la mtandao, lakini mara nyingi waya wake hubaki kwenye katoni. Uunganishwe. Programu ya Network UPS Tools ni ya bure na hufanya kazi na UPS za kampuni nyingi. Iwekwe kwenye seva mama. Ikiwekwa ndani ya seva pepe peke yake, hiyo pepe itazimika na mama yake atabaki akiwaka hadi betri ikatike. Pakiwa na seva mama kadhaa kwenye UPS moja, moja huwa kiongozi na nyingine wafuasi. Wafuasi huzimika kwanza, kiongozi akiwasubiri. Swichi ya mtandao nayo iwe kwenye UPS, la sivyo amri haitawafikia wafuasi.

Pili, seva pepe zifundishwe kutii. Amri ya kuzima huja kama mtu aliyebonyeza kitufe cha stima mara moja. Seva pepe isiyowekewa programu yake ya usaidizi inaweza kupuuza amri hiyo. Kwa Proxmox, programu hiyo ni QEMU Guest Agent; kwa VMware, ni VMware Tools. Proxmox kwa kawaida husubiri sekunde 180 kwa seva pepe. Hifadhidata kubwa inayohitaji zaidi iongezewe muda.

Tatu, pawe na mpangilio. Mifumo inayotumiwa na karani na muuguzi izimike kwanza, ndipo hifadhidata ifuate. Seva mama ifuate baada ya pepe zake zote. Ikiwa diski za seva pepe ziko kwenye hifadhi ya pamoja, hifadhi hiyo iwe ya mwisho kabisa. Wakati wa kuwasha, mpango ugeuzwe: hifadhi, hifadhidata, kisha mifumo.

Nne, dakika zihesabiwe. Chukua mfano wa UPS inayodumu dakika 20 kwa mzigo ulioko. Dakika 3 ni za kusubiri jenereta, 6 za kuzima seva pepe, 2 za seva mama na 2 za hifadhi. Jumla ni 13, na 7 zinazosalia ni akiba ya siku betri itakapochoka. Anayengoja hadi betri ibaki asilimia 10 ndipo aanze kuzima anacheza na bahati. Printa, birika la chai na feni ziondolewe kwenye UPS hiyo, kwa kuwa zinakula dakika za wagonjwa.

Tano, fikiria stima ikirudi katikati ya kuzima. Kuzima kukishaanza, kumalizike. Mwishoni kiongozi aiamuru UPS ikate umeme wake kidogo kisha iurudishe, na seva ziwekewe mpangilio wa kuwaka zenyewe umeme unaporudi. Bila hilo, stima itakuwepo lakini seva zitabaki zimelala hadi mtu aje na ufunguo wa chumba, pengine Jumatatu.

Jaribio ndilo ushahidi

Mpango usiojaribiwa ni matumaini tu. Ichaguliwe siku yenye kazi chache, wauguzi na makarani waarifiwe mapema, na nakala ya data ichukuliwe kwanza na kuhakikishwa kwamba inafunguka. Kisha swichi ya soketi ya ukutani izimwe. Plagi isichomolewe, ili waya wa ardhini ubaki umeunganishwa. Afisa aandike saa na dakika kila mashine ilipozimika, kisha awashe na kukagua kama kila mfumo umerudi mzima. Jaribio lirudiwe angalau mara mbili kwa mwaka, na kila inapoongezwa seva mpya.

Betri nazo huzeeka. Za risasi na asidi, ambazo ndizo nyingi, kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Joto ni adui yao: kila nyuzi 10 juu ya 25 za Selsiasi hupunguza umri wao kwa karibu nusu. Chumba chenye joto la Pwani au la Turkana kisicho na kipoza hewa kitaziua mapema. Tarehe ya kuwekwa ibandikwe juu ya betri, na bei ya kuzibadilisha iingizwe kwenye bajeti kabla hazijafa.

Mabibi na mabwana, sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji zabuni mpya. Inahitaji waya wa USB uliokwisha kununuliwa, programu ya bure na asubuhi moja ya majaribio. Stima itapotea tena. Siku hiyo mwananchi asiambiwe kwamba rekodi yake imepotea nayo.