SAMAKI WA INCHI YETU KWANZA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi na wakaaji wa Musonoi



Leo hatuwaletei maneno ya mbali. Tunawaletea maneno ya chungu. Jana jioni bukari ilikuwa mezani katika nyumba zetu. Pembeni yake kulikuwa nini? Katika nyumba nyingi kulikuwa Thomson.

Huyu Thomson ni samaki wa bahari. Anavuliwa Namibia, anagandishwa, anapakiwa katika kamio huko Walvis Bay, anapita Zambia, anavuka mpaka wa Kasumbalesa, ndipo anafika soko la Kolwezi. Kwa mpaka huo huo shaba yetu inatoka. Sisi makarani tunaijua hesabu hiyo: shaba inakwenda, samaki anakuja, na franka za mshahara wetu zinamfuata yule aliyemvua.

Mtasema: Katanga haina bahari. Ni kweli. Lakini kazi ya kufuga tilapia ilijaribiwa kwetu mapema kuliko kwa wengi. Katika miaka ya 1940 na 1950, huko Kipopo, karibu na Elisabethville inayoitwa Lubumbashi tangu 1966, watu walijifunza kuzilisha na kuzizalisha. Tilapia ya Katanga ilipelekwa mpaka Kameruni na Madagaska. Kabla ya uhuru wa 1960 inchi nzima ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000.

Yalikwenda wapi? Walimu wa kazi hiyo waliondoka. Samaki walizaana kupita kiasi, chakula kikapungua, wakabaki wadogo kama kidole. Watu wakachoka, wakayaacha mabwawa. Mabwawa hayakuwa na kosa. Kilichokosekana ni mafundisho, na mnunuzi.

Juu ya mnunuzi, wandugu, tuseme ukweli. Siku moja sokoni tulimwona mama mmoja na beseni ya tilapia waliovuliwa alfajiri. Karibu naye palikuwa katoni za Thomson. Watu waliuliza bei kwake, kisha wakanunua kwenye katoni. Jua lilipopanda, samaki wake walianza kulegea, akawatoa kwa bei ya kutupa. Akatuambia: "Wanangu, ikiwa hivi tena, lile bwawa nitalikausha nipande muhindi." Na sisi tuliosimama pale tulikuwa na Thomson katika mfuko wetu. Tuliona haya.

Hatumlaumu mzazi anayetafuta bei ndogo. Watoto ni wengi na mwezi ni mrefu. Lakini yako mambo matatu tunayoweza.

La kwanza: siku ya mshahara, samaki wa kwanza kuingia nyumbani awe wa bwawa letu. Siku nyingine kila mtu apime mfuko wake.

La pili: tuagize pamoja. Nyumba kumi zikimwambia mama yule mapema, "Jumamosi tunataka kilo kumi," atavua kilo kumi tu. Wengine watabaki majini wakiwa hai. Bwawa ni ghala lisilotaka barafu wala umeme. Hapo hasara yake inapungua, na bei yetu inaweza kushuka.

La tatu: tuulize maji. Mto Musonoi na mto Luilu imepokea kwa miaka mingi maji ya mashimo na viwanda. Bwawa lisichimbwe kandokando ya maji ya namna hiyo. Lipate maji ya chemchemi safi, juu, mbali na machafu. Samaki wa kwetu mwenye sumu si faida kwa mtu yeyote. Na anayeharibu mto anaharibu chakula chetu. Neno hilo tulidai bila kuogopa.

Wandugu, inchi inayochimba shaba na kungoja chakula kutoka mpakani, uhuru wake una kilema. Siku ile kamio itakapokwama Kasumbalesa, tutakula nini na bukari?

Mshahara ujao uko karibu. Tumtafute mama yule kabla hajapanda muhindi.