Tuupime Udongo Kabla ya Kumwaga Zege



Ukimkuta mkulima wa Kimatengo huko Kitura, Mbinga, akichimba ngolo mlimani, usidhani anachimba mashimo tu. Mashimo yale na matuta yake hushika maji ya mvua ili udongo usiteremke bondeni. Mkulima yule ameusoma mlima kwanza, ndipo jembe likashuka. Leo nataka tuiazime busara hiyo kwa jambo jingine: misingi ya mitambo ya kufua umeme kwa upepo.

Umeme huo si hadithi ya Ulaya tena. Jirani zetu wa Kenya wana mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Hapa kwetu, mitambo mitatu ya Mwenga, Mufindi, yenye megawati 2.4, ilianza kazi mwaka 2020. Watu wakipita hutazama mapanga yanavyozunguka. Mimi nakuomba utazame chini.

Uzito wa mnara si tatizo kubwa. Tatizo ni upepo. Aliyewahi kushika mwamvuli katika dhoruba anajua: mwamvuli ni mwepesi, lakini mkono ndio unaoumia. Upepo husukuma mapanga kule juu, na mnara hugeuka wenzo mrefu unaotaka kuung'oa msingi.

Penye ardhi ngumu, wahandisi humwaga sahani pana ya zege. Mtambo mmoja wa megawati 2 au 3 waweza kumeza mita za ujazo 300 hadi 500. Penye mchanga au tope, kama ilivyo kwenye fukwe nyingi za maziwa, huzamisha nguzo za zege na nondo, kisha huziunganisha juu kwa zege nene. Upepo ukivuma, nguzo za upande unakotoka huvutwa juu, za upande wa pili hukandamizwa. Upepo ukigeuka, nazo hubadilishana kazi. Mchezo huo hurudiwa mamilioni ya mara kwa miaka 20 au zaidi.

Wengi hudhani msingi imara ni ule wenye zege nyingi. La hasha! Nguzo chache zilizopangwa katika duara pana zaweza kuzishinda nguzo nyingi zilizosongamana katikati, kwa kuwa zina nguvu zaidi ya kuzuia mnara usipinduke. Zikibanana mno, hugombea udongo uleule. Tena nguzo hushika ardhi kwa msuguano wa ubavu wake. Kwa zege ileile, nguzo nyembamba na ndefu ina ubavu mkubwa kuliko nene na fupi.

Lakini hesabu hizo hazifanyiki gizani. Mhandisi asiyeujua udongo hana budi kujikinga, kwa hiyo huongeza nguzo hapa na zege pale. Hatumlaumu. Ila ziada hiyo ni bei ya kutojua. Hulipwa kwa saruji iliyosafirishwa mamia ya kilomita hadi Ruvuma, na mwishowe hulipwa na mama anayenunua umeme wa LUKU. Hata hewa nayo hulipa, maana utengenezaji wa saruji duniani hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Na mhandisi huyo akikosea kwa kupunguza mno, mnara huinama, na hakuna fundi wa kuunyoosha kwa bei rahisi.

Kwa hiyo, kabla ya mkoa wowote kushangilia mradi wa upepo, tuulize maswali matatu. Je, shimo la uchunguzi limetobolewa mahali pa kila mtambo, au moja tu kwa uwanja mzima? Je, imejengwa nguzo ya majaribio, ikavutwa na kukandamizwa kwa mzigo wa kweli? Je, vipimo hivyo vitabaki nchini, vijana wetu wa uhandisi wavisome, au vitaondoka na mkandarasi kwenye begi lake?

Gharama ya kupima ni ndogo ikilinganishwa na ya kujenga. Hata hivyo, fedha zikipungua, ndiyo inayofyekwa kwanza, kwa sababu haina utepe wa kukata wala jiwe la kuzindua.

Mkulima wa Mbinga hakungoja mgeni wa heshima. Aliupima mlima wake, akachimba, akavuna.