Kulinganisha Aina za Zamani za Nyanya katika Bustani ya Nyumbani: Kasoro za Kipimo Tunachotumia

Mada kwa semina ya maafisa ugani na viongozi wa vikundi vya bustani za nyumbani

1. Utangulizi na istilahi

Washiriki wanazifahamu istilahi za msingi, hivyo nitazipitia haraka. Aina za zamani ni zile zinazojichavusha na kuzaa miche inayofanana na mzazi, kiasi kwamba mkulima anaweza kukamua mbegu zake na kuzipanda msimu unaofuata. Marglobe, iliyotolewa Marekani mwaka 1925, na Money Maker ya Uingereza ni mifano. Roma VF na Cal J ni za baadaye, ila mbegu zake huhifadhiwa vivyo hivyo. Chotara huzalishwa kwa wazazi wawili walioteuliwa, na mbegu za tunda lake hutoa miche ya mchanganyiko. Aina fupi, kama Roma na Cal J, huiva kwa mkupuo ndani ya wiki chache. Aina ndefu, kama Money Maker, huendelea kurefuka, kutoa maua na kuzaa hadi mmea uchoke.

2. Tatizo: kipimo cha soko ndani ya bustani ya nyumbani

Bila kuilaumu idara yoyote, ni lazima isemwe kwamba fomu tunazolinganishia aina za nyanya zilitungwa kwa ajili ya shamba la biashara. Zinauliza kilo zilizochumwa, matunda yanayouzika na uwezo wa kusafiri ndani ya tenga, kisha zinafungwa baada ya michumo michache ya mwanzo. Kwa mkulima anayesubiri lori, maswali hayo yanatosha. Mwenye matuta manne nyuma ya nyumba anahitaji jambo jingine: nyanya za kutosha mboga ya jioni, wiki baada ya wiki. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mche wa aina fupi ukitoa kilo 3 katika wiki 4 kisha ukaisha, na wa aina ndefu ukatoa nusu kilo kila wiki kwa wiki 10, fomu inayofungwa wiki ya 4 itaandika kilo 3 dhidi ya 2. Aina ndefu itaonekana imeshindwa, ilhali mwishoni ina kilo 5 na imelisha jiko kwa muda zaidi ya maradufu. Fomu itakuwa imejazwa kwa uaminifu, na uamuzi utakuwa na kasoro.

Safu ya “matunda yasiyouzika” ina upotoshaji uleule. Aina nyingi za zamani zina ngozi laini, na mvua ikinyesha baada ya kiangazi, au mwagiliaji akiruka siku kadhaa kisha akamwaga maji mengi, tunda hupasuka kuzunguka kikonyo. Sokoni hiyo ni hasara. Nyumbani, tunda lililopasuka asubuhi linakatwa kachumbari mchana. Tunalihesabu kama hasara kwa sababu tu fomu haina mahali pa kuandika kwamba limeliwa. Tofauti na hilo ni tunda lililooza kitako kwa kukosa kalisi na maji ya kutosha. Sehemu iliyooza hutupwa popote pale, na haifai kuchanganywa na mpasuko.

3. Majibu kwa hoja zinazopinga

Inasemwa kwamba aina za zamani hazistahimili magonjwa. Hoja hii ina uzito, lakini haizihusu zote kwa usawa: Roma VF inastahimili minyauko ya vetisili na fuzari, na bado si chotara. Kuhusu mdudu kantangaze, aliyeripotiwa nchini Tanzania mwaka 2014, na ugonjwa wa bakajani chelewa, usafi wa bustani na ukaguzi wa majani unahitajika kwa aina yoyote. Ni kweli pia kwamba aina ndefu hukaa muda mrefu zaidi mbele ya wadudu na magonjwa hayo. Ndiyo maana rekodi isikatishwe mapema: miche iliyokufa wiki ya 7 iandikwe ilivyokufa.

Wengine husema ladha haipimiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wazalishaji wa mbegu, kwa kupenda tunda linaloiva rangi moja, waliteua nyanya zisizo na mabega ya kijani kabla ya kuiva. Bila kukusudia, walidhoofisha jeni inayosaidia tunda changa kujijengea sukari. Hii haina maana kwamba kila aina ya zamani ni tamu. Inaonyesha kwamba ladha ina chanzo kinachochunguzika, na watu watano wakionja vipande wasivyojua majina yake watatupa taarifa inayofaa.

4. Mapendekezo

Kwanza, fomu ya bustani ya nyumbani itenganishwe na ya biashara. Pili, rekodi iendelee hadi mmea wa mwisho uchoke. Tatu, iwepo safu ya idadi ya wiki ambazo jiko lilipata nyanya. Nne, tunda lililopasuka likaliwa lihesabiwe kuwa limeliwa. Tano, aina fupi zilinganishwe kwanza na fupi, na ndefu na ndefu. Sita, kila aina ipandwe katika matuta yasiyopungua mawili, nafasi zikipangwa kwa kura, ili tuta lililo karibu na bomba lisipewe sifa ya mbegu. Saba, kuonja kufanyike bila majina. Nane, mbegu zikamuliwe kwenye miche yenye afya, zivundikwe siku 2 au 3, zioshwe, zikaushwe kivulini na kuandikwa jina na mwaka. Tisa, na hapa narudia kwa makusudi, fomu isifungwe baada ya michumo ya mwanzo. Ikiwa bajeti au muda wa maafisa ugani hautoshi kutekeleza yote, litekelezwe hili la tisa, kwa kuwa linahitaji tu karatasi ileile kubaki wazi kwa wiki chache zaidi.