Mzigo Uliopita Tabora

Mtoto atajifunzaje ushujaa wa moyo, yaani kushika lililo haki hata mkubwa akimkataza? Leo nawapeni kisa cha kuwasomea watoto jioni. Kilitukia katika njia yetu ya misafara, na Susi na Chuma wenyewe walikisimulia. Kikachapishwa mwaka 1874.

Dk. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake hawakutawanyika. Walizika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala. Wakaikausha maiti, wakaichukua kuelekea pwani. Oktoba wakafika Kwihara, karibu na Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza. Akawashauri wazike papo hapo, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa.

Fikirini! Chuma aliwahi kuwa mtumwa, naye anasimama mbele ya ofisa wa Kizungu na kusema hapana. Hapo, mzazi, funika kitabu, umwulize mtoto: "Ungekuwa wewe, ungesemaje?" Usimjibie.

Sasa yaja sehemu ngumu. Huko mbele, Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Basi wale watu wakajifanya wanairudisha Unyanyembe. Wakafunga mabua kama maiti, wachache wakaondoka nayo wakayatupa porini. Kumbe maiti yenyewe imefungwa kama mtumba wa nguo! Mtoto mwerevu atauliza, "Mama, si walidanganya?" Msiruke ukurasa huo. Fungueni Kutoka, mlango wa kwanza, habari za Shifra na Pua, wakunga waliomficha Farao ukweli ili watoto wachanga wapone. Hao waliokoa walio hai. Hawa walibeba maiti. Je, ni mamoja? Mimi mwenyewe jambo hili hunipa taabu, na sioni aibu mtoto akijua.

Tena msimwambie kuwa ushujaa ni wa Wakristo tu. Susi alibatizwa miaka mingi baada ya safari ile.

Februari 1874 mzigo ulifika Bagamoyo. Livingstone akazikwa London tarehe 18 Aprili. Wainwright alikuwapo, Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Mwulizeni mtoto kama hiyo ilikuwa haki, mpeni daftari aandike jibu lake, nanyi mlisome bila kushika kalamu nyekundu.