Paka Asiye Wako: Mhadhara wa Umma Kuhusu Kuhasi Paka wa Mtaani

Kuna hoja fupi ambayo wanasheria huitoa kwa kujiamini kila inapozungumzwa habari ya paka wa mtaani: paka huyo si wako, basi huna ruhusa ya kumpeleka kwa daktari akahasiwe. Kama ana mwenyewe, ni mali ya mtu. Kama hana, hakuna aliyekupa mamlaka juu yake. Mhadhara huu umeandaliwa kuijibu hoja hiyo, kwa sababu imekaa muda mrefu mno bila kujibiwa, na wanaoumia ni paka wenyewe, kuanzia soko la samaki la Lamu mpaka vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa.

Waliosomea tiba ya mifugo wataruhusu mambo ya msingi yapitwe haraka. Paka hunaswa kwa kizimba chenye chambo. Dume huhasiwa, jike hufungwa kizazi, na wote huchanjwa kichaa cha mbwa. Wakiwa bado usingizini hukatwa ncha ya sikio, aghalabu la kushoto, ili wajulikane kwa mbali, kisha hurudishwa palepale walipotolewa. Hayo hayana mgogoro. Mgogoro uko kwenye neno "wako".

Upande wa kwanza wa hoja, ule wa paka mwenye mwenyewe, una uzito na haufai kudharauliwa. Uingereza imeshautafutia dawa: tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa nyumbani katika England lazima awe amewekewa chipu chini ya ngozi kabla ya kutimiza wiki 20, na daktari hupitisha kifaa shingoni akajua mwenyewe ni nani. Paka asiye na chipu huweza kuvishwa ukosi wa karatasi wenye ujumbe, na mwenye paka akiuona hupiga simu. Pwani ya Afrika Mashariki chipu ni nadra, lakini wapo watoto wa madrasa. Wanajua paka gani hulala kwa nani, yupi alizaa juu ya dari la nyumba ipi, na yupi alitupwa na wapangaji walipohama. Ukiwauliza hao, ukamuuliza mzee wa mtaa na muuza samaki, siku chache zinatosha kumpata mwenye paka kama yupo. Akipatikana, uamuzi ni wake. Anaweza kushawishiwa, na akikataa, paka haendi kizimbani. Hapo mwanasheria ameshinda, na ni haki yake.

Upande wa pili ndio usiosimama. Unadai kwamba kiumbe asiye na mwenyewe hayumo mikononi mwa mtu yeyote, na kwamba kutomgusa ni kumwacha kama alivyo. Lakini nani amemwacha kama alivyo? Kila jioni mtu mmoja humwaga vichwa vya samaki kibarazani. Mwingine humwagia paka maji ya moto. Mwingine hutia sumu kwenye nyama usiku. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimuulizi anayempiga paka kama paka ni wake, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria zenyewe, basi, zinakubali kwamba mtu anaweza kuwajibika kwa mnyama asiyemmiliki. Inakuwaje uwajibikaji huo uwepo siku ya kipigo, halafu utoweke siku ya matibabu?

Tena anayelisha keshaingilia kati. Paka jike aliyeshiba hupata joto mapema, pengine akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Kupata joto kwa paka huongozwa na urefu wa mchana. Roma, ambako mchana wa Desemba ni wa saa tisa na wa Juni ni wa saa kumi na tano, paka hupumzika uzazi majira ya baridi. Lamu na Mombasa ziko karibu na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka haifiki hata nusu saa. Pwani hakuna msimu wa mapumziko. 

Mhadhiri alilelewa Mji wa Kale na bibi aliyekuwa akitenga vichwa vya changu kila baada ya Alasiri. Alikuwapo jike mmoja wa mistari, jicho moja limepofuka, aliyezalia nyuma ya gunia la mkaa. Watoto wake walikuwa wazuri kwa wiki mbili au tatu. Kisha yalikuja mafua ya paka: kope zikagandamana kwa usaha, pua zikaziba, wakawa hawasikii harufu ya chuchu, wakaacha kunyonya. Bibi aliwapangusa macho kwa pamba na maji ya chumvi, na asubuhi wajukuu walitumwa na jembe dogo uani. Mzao uliofuata ulikwenda vivyo hivyo. Bibi hakuwahi kusema paka yule ni wake, wala hakuwahi kuacha kumlisha.

Yale ya nyuma ya gunia yamehesabiwa kwingine. Mwaka 2004 Felicia Nutter na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia paka wazururaji huko North Carolina, Marekani. Kati ya watoto 169, waliokufa au kupotea kabla ya kufikia miezi sita walikuwa 127. Robo tatu. Hesabu hiyo inawahusu pia wanaotetea kuhasi, kwani wengi wao hupenda kutangaza kwamba jike mmoja na uzao wake huweza kufikisha paka 420,000 kwa miaka saba. Idadi hiyo ni ya kwenye karatasi, ambako hakuna kitoto kinachokufa. Wanaoitangaza waache. Hoja ya kuhasi haihitaji chumvi. Wale 127 wanatosha.

Kuna wanaosema: basi waondolewe, wauawe, mtaa usafike. Huko Tasmania, Australia, Billie Lazenby na wenzake walipima jambo hilo msituni. Paka waliuawa kidogo kidogo katika eneo lililo wazi, na idadi iliyoonekana ikapanda badala ya kushuka, kwa kuwa wageni waliingia kushika nafasi. Kuua hufaulu pale ambapo hakuna pa kuingilia. Kisiwa cha Marion cha Afrika Kusini kilipelekewa paka watano mwaka 1949. Kufikia 1977 walikuwa wapata 3,400, wakila maelfu kwa maelfu ya ndege wa baharini kila mwaka. Waliambukizwa ugonjwa kwa makusudi, wakawindwa, wakategwa, na paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Anayefikiri soko la samaki linaweza kufanyiwa hivyo atazame madau yanayotia nanga hapo kila alfajiri.

Chanzo ambacho mhadhiri hukirudia kila mwaka na wanafunzi ni utafiti wa Eugenia Natoli na wenzake kuhusu Roma, uliochapishwa 2006 katika jarida la Preventive Veterinary Medicine. Unastahili kusomwa polepole. Italia ilipitisha Sheria namba 281 ya mwaka 1991, inayokataza kuua paka wanaoishi huru na kuagiza wafungwe kizazi na huduma ya umma ya mifugo, kisha warudishwe kwenye kundi lao. Yaani bunge zima lilikaa likajibu swali la mwanasheria wetu: paka asiye na mwenyewe yuko chini ya ulinzi wa umma. Wanawake wanaowalisha, ambao Warumi huwaita gattare, na ambao zamani walichekwa, wakawa watu wa kushirikiana na madaktari. Wao ndio wanaojua paka gani ana mimba na yupi ni mgeni.

Katika miaka kumi ya mwanzo karibu paka 8,000 walihasiwa. Watafiti wakakagua makundi 103, na idadi ikaonekana kupungua kati ya asilimia 16 na 32. Mwandishi mwingine angeishia hapo akapongezwa. Natoli hakuishia hapo. Aliandika pia kwamba paka wapya, waliotupwa au waliojileta, walikuwa karibu asilimia 21, na akasema bila kupindisha kwamba kazi yote hiyo, kama watu hawafundishwi kuzuia uzazi wa paka wao wa majumbani, ni kupoteza fedha, muda na nguvu. Aliyeifanya kazi ndiye aliyeonyesha kasoro yake, kwa takwimu zake mwenyewe. Ndiyo sababu anaaminika, na ndiyo sababu mhadhiri humtanguliza mbele ya waandishi wote wa fani hii.

Wapinzani hushika zaidi kazi ya Patrick Foley na wenzake ya mwaka 2005, iliyochambua mipango ya San Diego na Alachua nchini Marekani. Haikuona idadi ikishuka, na ilikadiria kwamba ili ishuke ingepasa kuhasi kati ya asilimia 71 na 94 ya paka. Hesabu hiyo ni ya kuheshimiwa. Maana yake ni kwamba paka mmoja mmoja, leo mtaa huu, mwezi ujao mtaa ule, hawapunguzi idadi ya mji. Inafaa kumaliza kichochoro kizima kwanza. Ilifanyika hivyo katika Chuo Kikuu cha Central Florida: kundi la paka 68 mwaka 1996 lilibaki na 23 mwaka 2002, ingawa ikumbukwe kwamba karibu nusu ya paka wote waliohesabiwa walipata watu wa kuwachukua majumbani.

Hata hivyo, baada ya kupima yote hayo, mhadhiri hakubali kwamba jike mmoja hana maana. Foley alihesabu idadi ya paka. Hakuhesabu maisha ya huyo mmoja. Mfunge kizazi kabla hajatimiza miezi sita, na hatari ya saratani ya matiti inapungua kwa takriban asilimia 90. Usaha wa mji wa mimba hatakaa aupate. Dume aliyehasiwa hupunguza kupigana, na kuumana ndiko kunakoeneza virusi vya upungufu wa kinga vya paka. Daktari akimfungua jike mwenye mimba changa huona mji wa mimba umevimba hapa na pale kama shanga zilizotungwa uzi. Aliyewahi kuwazika watoto wa paka uani anajua shanga hizo zingekuwa nini baada ya wiki tisa.

Wapo wanaopinga kwa dini, na Pwani hilo halipuuzwi. Uislamu umempa paka heshima kubwa: Mtume alifundisha kwamba si najisi, na kwamba mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa aliadhibiwa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu kuhasi. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia aliona hakuna ubaya iwapo paka wamekuwa wengi na upasuaji hauwadhuru, kwani ni bora kuliko kuwaua wakiwa wameshaumbwa. Anayelisha na asikilize wanazuoni wake. Hoja ya mhadhara huu inaweza kukaa nao meza moja.

Lipo eneo moja ambalo kuhasi na kurudisha hakufai, nalo ni ukingoni mwa msitu. Arabuko-Sokoke una bundi mdogo wa Sokoke na sengi wa kiuno cha dhahabu, viumbe wasiopatikana ila sehemu chache sana duniani. Paka aliyehasiwa bado anawinda. Wa huko akinaswa atafutiwe nyumba.

Kwa mitaa iliyobaki, kazi inajulikana. Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa wa 2014 hadi 2030, na timu za chanjo hupita mitaani zikiwa na daktari na barafu ya dawa. Kaunti za Pwani ziongeze meza ya upasuaji na vizimba. Kizimba kifunikwe kanga mara paka anaponaswa, maana gizani hutulia. Jike anayenyonyesha apasuliwe ubavuni, ili anayemlisha aweze kukikagua kidonda bila kumshika, na arudishwe siku hiyohiyo kwa watoto wake. Kaunti zianze na paka wa majumbani, kama Natoli alivyoonya, kisha soko la samaki. Na anayemwaga vichwa vya samaki kila jioni ndiye aombwe kushika kizimba, kwa sababu paka hamkimbii.