Akili Iliyowekwa Wakfu: Kwa Nini Biblia na Dini Zisomwe Chuo Kikuu
(Hotuba iliyotolewa katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika)



Katika nyumba nyingi za Kikristo mazungumzo ya namna moja hujirudia. Kijana amefaulu kidato cha sita, naye asema kwamba angependa kusoma Biblia na dini chuo kikuu. Baba anyamaza kwanza, kisha auliza, "Utakula nini?" Bibi naye, aliyemfundisha mtoto huyo kusali, ana hofu iliyo kubwa zaidi: je, imani aliyoondoka nayo nyumbani atarudi nayo? Maswali haya yote mawili ni ya haki, na yanastahili jibu.

Sababu ya kwanza imo katika jina la Kanisa lenyewe. Martin Luther alikuwa mwalimu wa Biblia katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, kilichoanzishwa mwaka 1502. Alipata udaktari wa teolojia mwaka 1512, na katika miaka iliyofuata aliwafundisha wanafunzi wake Zaburi, kisha Waraka kwa Warumi, na baadaye Wagalatia na Waebrania. Katika kazi hiyo ya darasani, neno kwa neno, aliipata upya habari njema ya kuhesabiwa haki kwa imani.

Mfano mmoja watosha. Katika Mathayo 4:17 Bwana Yesu awaita watu watubu. Biblia ya Kilatini ililitaja jambo hilo kwa maneno ambayo wengi waliyasikia kama agizo la kutimiza adhabu za kitubio. Mwaka 1516 Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kigiriki, na wasomaji waliweza kuona kwamba neno la asili lahusu kugeuka kwa nia na moyo. Luther alimweleza mkuu wake Staupitz jinsi maana hiyo ilivyomfungulia Maandiko. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 yahusu neno hilohilo. Neno moja la Kigiriki lililosomwa vema liliwafariji wengi waliokuwa wakinunua vyeti vya msamaha kwa fedha zao haba.

Sababu ya pili ni lugha. Biblia iliyo mikononi mwa washarika haikushuka kutoka mbinguni kwa Kiswahili. Krapf alitafsiri sehemu ya Mwanzo mwaka 1844. Askofu Steere wa Unguja na wenzake waliendelea na kazi hiyo. Karl Roehl, aliyekuwa mmisionari Usambara, alitoa Biblia nzima mwaka 1937, akichagua maneno ya asili ya Kibantu mahali ambapo wengine walitumia yenye asili ya Kiarabu. Na Biblia ya Muungano ilitoka mwaka 1952. Kila mmoja alilazimika kuchagua, na kila uchaguzi una sababu zake. Kanisa lisilo na watoto wanaosoma Kiebrania na Kigiriki litategemea milele macho ya watu wengine. Profesa John Mbiti wa Kenya, aliyefundisha Makerere, alionyesha njia nyingine alipolitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kikamba, lugha ya mama yake.

Sababu ya tatu ni nzito, nayo yatajwa kwa huzuni. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Bwana. Watu hao hawakukosa bidii wala imani. Walikuwa na Biblia, na walihubiriwa kwa mistari ya Biblia. Aliyekosekana kati yao ni mtu wa kuuliza: mstari huu uliandikwa kwa nani, na wasema nini ukisomwa pamoja na sura nzima? Yakobo 5:14 yataja mafuta. Lakini yawaagiza wazee wamwendee mgonjwa na kumwombea, wala haiwaiti wagonjwa waje kugombania mafuta uwanjani. Kusoma kwa makini huokoa maisha.

Sababu ya nne ni jirani. Mkristo wa Tanzania huchota maji, hufanya biashara na huzika pamoja na Mwislamu, na pamoja na mtu anayeshika mila za mababu. Chuo kikuu humfundisha mwanafunzi kuieleza dini ya mwingine kwa namna ambayo mwenyewe angeitambua. Amri ya nane, kama ihesabiwavyo katika Katekisimu Ndogo, yakataza kumshuhudia jirani uongo; na anayeisema dini ya jirani yake bila kuijua yuko karibu sana na kuivunja.

Sasa hofu ya bibi. Ni kweli kwamba mwanafunzi atakutana na maswali magumu. Ataona kwamba habari ya uumbaji yasimuliwa mara mbili katika Mwanzo, na kwamba Injili nne hazisimulii kila jambo kwa namna moja. Wengine huyumba. Lakini maswali hayo hayakuzaliwa chuoni. Yamo katika kurasa zenyewe, na kijana aliye macho atayaona hata akibaki nyumbani. Ni afadhali ayakute akiwa na mwalimu mbele yake na usharika nyuma yake. Anayepotea mara nyingi ni yule aliyeachwa peke yake.

Wengine husema kwamba Petro hakusoma. Petro alitembea miaka na Mwalimu mwenyewe, akiuliza na kukosolewa. Paulo naye alilelewa miguuni pa Gamalieli, na alipokuwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee vitabu. Kuuliza si ujinga, wala si uasi.

Na swali la baba? Mkate upo, ingawa si wa anasa: shule zinahitaji walimu wa dini, hospitali zinahitaji wachungaji wa wagonjwa, na Kanisa linahitaji watafsiri na waandishi. Wazee wa zamani waliliona hilo wakiwa na vichache. Chuo cha teolojia kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, na leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Josiah Kibira, aliyeichunguza kwa usomi nafasi ya ukoo katika maisha ya Kanisa huko Buhaya, alichaguliwa mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Wapendwa washarika, karne ya kwanza ilijengwa kwa mawe yaliyobebwa kichwani. Karne ya pili yahitaji pia akili iliyowekwa wakfu. Kijana, awe mvulana au binti, atakaposema nyumbani kwamba anataka kusoma Biblia chuo kikuu, asikutane na ukimya. Usharika umwombee kwa jina, umchangie ada kama uchangiavyo bati za kanisa, na umwandikie barua anapokuwa mbali. Akirudi na maswali, wazee wakae naye na kuyasikiliza hadi mwisho.

Bwana amempa mwanadamu moyo na akili, naye ataka kupendwa kwa vyote viwili. Amina.